Verlin Ajifunza Kupiga Vibaya

Verlin Stonebraker alipoteza vidole vitatu vya mkono wa kushoto kwenye mashine ya kukatakata mabua ya mahindi, na neno la kwanza alilotamka alipozinduka kwa daktari lilikuwa, "Vimebaki vya kutosha." Nilikuwepo. Mume wangu Ottis ndiye aliyemkimbiza kwa gari la farasi, na mimi ndiye niliyeshika taulo. Huku Indiana kila ujirani una mtu wake aliyepeana mkono na mashine ile. Wengine hurudi nyumbani wakawa watu wa kukaa barazani na kutazama barabara. Verlin alikuwa zizini akikamua ng'ombe kabla bandeji haijatolewa, akimtukana ng'ombe mweusi kama kawaida yake, nasi majirani tukajua kwamba mtu wetu yuko salama.

Kilichokwenda na vidole ni klarineti, ile filimbi ndefu ya vitufe. Alikuwa akiipiga kwenye bendi ya mji wa Tilden tangu ndevu zake hazijaota, na klarineti haina huruma, inataka vidole vyote. Kiongozi wa bendi, Hobart Fouts, ambaye pia ni mwenyekiti wa laini yetu ya simu kwa kuwa hupenda kila kiti kilichotazamana na watu, akamwambia bila aibu, "Njoo upige ngoma kubwa, Verlin. Ile haina mambo mengi."

"Mpe nyumbu wako," Verlin akamjibu. "Ana miguu minne, atapiga mara mbili yangu."

Aliyeumia zaidi ni mama yake, Bi Lovina. Bibi huyu ndiye aliyetufundisha kinanda watoto wote wa huku, mimi nikiwa mmojawapo, na mpaka leo nikikosea kitu chochote, hata kuchoma mkate, vidole vyangu hungoja penseli yake aliyotuchapia. Siku ile ya mashine Verlin alitaka kwenda mazoezi ya bendi. Bi Lovina akasema kwanza akamsaidie jirani mabua yake, muziki hautoroki. Hakulisema tena jambo hilo maishani mwake. Alifunga kifuniko cha kinanda, akapanga picha za marehemu juu yake, na hakukifungua tena.

Sasa saksafoni. Verlin aliiagiza, ikaja kwa posta, ndani ya boksi lenye picha ya baba mwenye tai akipuliza sebuleni huku watoto wakimtazama kama vile ameshuka kutoka mbinguni. Ilikuwa ndogo, yenye kung'aa, imepindwa shingo na mdomo kama saksafoni ya kweli, lakini ndani ilikuwa mambo mengine kabisa. Kila kitufe kilikuwa na ulimi wake wa shaba, na kila kitufe kilikuwa na namba. Hukuhitaji kujua noti wala kukaza midomo. Unasoma namba kwenye karatasi, unabonyeza, unapuliza. Waliitengeneza kwa ajili ya makarani na wake zao, watu wanaotaka kupiga muziki baada ya chakula cha jioni bila kuteseka kwanza miaka mitano. Na vitufe vilipangwa mstari mmoja, mkono wa kulia unavifikia karibu vyote, wa kushoto unashika tu na kubonyeza viwili vya chini. Kwa hivyo viwili Verlin alikuwa na kidole gumba na kidole cha shahada, wazima kabisa.

Kabla ya chakula cha jioni alikuwa ameshapiga ule wa nyumbu. Huo ulikuwa wimbo ambao marehemu baba yake alikuwa akiupigia mluzi akilima kwa nyumbu, hauna jina wala maneno, na nyumbani kwao waliuita hivyo tu. Bi Lovina akatoka jikoni na unga mikononi, akainama, akazitazama zile namba.

"Hii si ala," akasema. "Hiki ni kinanda cha mdomo kilichovaa suti."

"Lakini kinaimba, mama."

"Hata birika huimba."

Tangu siku hiyo Verlin akiinua saksafoni, mama yake alikumbuka kwamba kuku hawajala. Kuku wa akina Stonebraker walinenepa mpaka wakashindwa kuruka. Verlin hakukasirika hata kidogo. Alikuwa na hakika na kile kitu chake kama alivyokuwa na hakika kwamba asubuhi kutakucha, na mtu wa namna hiyo huwezi kumtoa kwa maneno.

Kisha moyo wa Bi Lovina ukaanza kuchoka, miguu ikavimba. Verlin hana mke, na mgonjwa anahitaji mwanamke wa kumwogesha, basi wakamhamishia kwa binti yake, Idella, upande wa pili wa kijito, kwenye nyumba ya mwisho ya laini ya simu.

Laini yenyewe ni yetu wakulima. Nguzo tulikata wenyewe, waya tulivuta wenyewe, nyumba kumi na nne kwenye waya mmoja. Simu ikilia kwako imelia kwa wote, kila nyumba na mlio wake, na desturi ya kwetu ni kwamba ukisikia mlio usio wako unainua mkono wa simu polepole na kuziba mdomo wake kwa aproni. Sioni haya kulisema. Bila masikio yetu, nani angejua kwamba zizi la mtu linaungua? Na ukizungusha kengele mfululizo bila kukata, huo ndio mlio wa wote: moto, msiba, au mtu ana neno.

Majira ya baridi yale Verlin akaanza kupiga mlio wa wote kila jioni baada ya kukamua. Alisimama jikoni mwake mbele ya simu ya ukutani na kutupigia saksafoni. Mwenzangu, tuliipenda! Kwenye baridi ile, theluji mpaka madirishani, ukiwa umeshamaliza maharagwe na mkate wa mahindi, unakaa na mkono wa simu sikioni na muziki unakujia kwenye waya wenu wenyewe. Ottis wangu alikuwa akivuta kiti chini ya simu na kugoma kuniachia. Watu walimwagiza nyimbo. Hata Hobart alisikiliza, ingawa alidai anakagua hali ya laini.

Mwezi wa tatu theluji ikayeyuka, barabara ikawa uji. Gari halipiti, farasi anazama mpaka tumboni, na daraja la kijitoni likachukuliwa na maji. Ndipo asubuhi moja simu ya Verlin ikalia, nasi wote tukainua. Alikuwa Idella.

"Verlin, mama anauliza umemkasirikia nini."

"Mimi? Nimkasirikie mama?"

"Anasema mwezi mzima hujampigia. Tumesogeza kitanda chake chini ya simu, kila jioni anashika mkono wa simu mpaka mkono wake unakufa ganzi. Anasikia kama inzi ndani ya chupa. Basi."

Verlin akasema, "Alikuwa hataki hata kukisikia."

"Sasa anataka. Anataka ule wa nyumbu. Nisikilize, kaka. Daktari alivuka jana kwa mtumbwi. Amesema tusitegemee mama afike msimu wa kupanda mahindi. Jana usiku mama ameniambia yeye ndiye aliyekukata mkono. Nimembishia, hanisikii mimi. Mpigie, Verlin. Mpigie asikie kwamba bado unapiga."

Niliweka mkono wa simu chini nikalia kwenye aproni ileile.

Na sote tulijua tatizo liko wapi. Fundi wa laini alikwishatuambia tangu siku ya kwanza: nguvu ya waya ni moja, kila mkono wa simu unaoinuliwa unachukua fungu lake. Ni kama mchuzi, wageni wakizidi unaongeza maji. Sisi wa karibu na Verlin tulikuwa tukinywa nyama, na Bi Lovina kule mwisho alikuwa akipata maji ya kuoshea sufuria.

Jioni hiyo Verlin akapiga mlio wa wote. "Majirani," akasema, "nyote mmesikia asubuhi, msijifanye. Leo nampigia mama. Nawaomba kwa heshima, wekeni chini."

"Haya, Verlin, hilo si la kuomba," akasema mmoja.

"Mungu ambariki bibi yetu," akasema mwingine.

Tukasikia ka, ka, mikono miwili mitatu ikiwekwa. Kisha kimya.

"Nyote mmeweka?" Verlin akauliza.

"Mimi nimeshaweka zamani," akajibu Hobart Fouts. "Wewe piga tu."

"Kama umeweka, Hobart, unaongea na nini?"

Nyumba zote za laini zikacheka, yaani walikuwa palepale wote! Verlin akarudia ombi, tukaahidi upya, na akapiga, na sisi tukasikiliza. Si kwamba tulikuwa na roho mbaya. Kila mmoja alijiambia kwamba wenzake wameshaweka, na mkono wake mmoja tu utapunguza nini? Asubuhi Idella akasema mama amesikia inzi.

Jioni iliyofuata Verlin hakuomba kitu. Alipiga mlio wa wote, akapuliza, na kikatoka kitu ambacho sijui nikiiteje. Vitufe viwili viwili kwa pamoja, wimbo unaanza, unajikwaa, unarudi mwanzo, unajikwaa palepale. Kesho yake hivyo hivyo, na zaidi. Kesho kutwa akashika sauti moja ya chini na kuikalia kama kuku juu ya yai. Ottis akasema, "Ameanza kunywa ile pombe inayopikwa msituni." Mimi nikasema huzuni imempanda kichwani. Hobart alifurahi kupita kiasi, akawa anamwambia kila mtu kwamba saksafoni ya namba mwisho wake ndio huo.

Nilivumilia siku chache, kisha nikavaa viatu vya mpira vya Ottis na kuvuka barabara. Kiatu kimoja kilibaki kwenye matope na sikurudi kukichukua. Nikamkuta Verlin jikoni, amekaa mbele ya karatasi ya namba, mzima kama kengele, anakula pai.

"Verlin Stonebraker! Mama yako yuko kitandani anangoja, na wewe unachinja paka kwenye simu?"

"Karibu, Bi Cleora. Kiatu kiko wapi?"

"Achana na kiatu changu! Nijibu."

"Niliwaomba kwa wema, hawakutoka," akasema. "Sasa nawafukuza."

Nikakaa bila kukaribishwa mara ya pili.

"Na mama yako je, asikie hayo mauzauza?"

"Mama anasikia inzi. Inzi mzuri, inzi mbaya, kwake yote sawa. Wakitoka ndipo atasikia mimi." Akapangusa mdomo. "Lakini nakwambia, kazi hii ni ngumu. Hiki kidude wamekitengeneza hata mpumbavu asikosee. Inabidi nifanye mazoezi mchana."

Kweli, karatasi ile alikuwa ameiandika upya kwa penseli, namba mbaya tupu, kwa mpangilio. Nilicheka mpaka nikaona aibu. Kisha nikamuuliza anajuaje nani ametoka na nani bado yumo, akasema hapo ndipo alipokwama. Hawezi kupiga na kushika mkono wa simu sikioni kwa wakati mmoja.

"Nipe mimi," nikasema. "Hakuna anayeijua laini hii kwa sikio kunishinda."

Sijisifu ovyo. Kila nyumba ina sauti yake nyuma ya aproni. Kwa mjane Almeda kuna saa ya ukutani, kwa Hobart kuna mbwa anayejikuna, kwa wengine mtoto mchanga au kiti kinacholia. Jioni ile nikasimama kwenye simu ya Verlin na mkono sikioni, naye akapuliza yale mauzauza yake ya mazoezi, na wallahi yalikuwa mabaya kuliko siku zote. Nikasikia ka. Kiti kinacholia kikatoka. Ka, mtoto akatoka. Kila mmoja akitoka, waya ulikuwa unafunguka kama mtu aliyepona mafua.

"Saa ya Almeda imetoka," nikamnong'oneza. "Endelea. Bado mbwa."

Hobart aling'ang'ania, maana alikuwa anakula raha. Verlin akashika ile sauti ya chini akaikalia mpaka uso ukawa mwekundu. Mwisho Hobart akakohoa na kusema, "Verlin, ndugu yangu, nakwambia kwa upendo: ungechukua ile ngoma." Ka. Mbwa akatoka.

Nikainua mkono kumzuia Verlin. Nikasikiliza. Nikasikia pumzi nyepesi ya mgonjwa, mbali, na nikajua ni Bi Lovina. Lakini kulikuwa na pumzi nyingine, nene, karibu, inayopanda na kushuka na mluzi kidogo mwishoni. Nimelala kando ya mluzi huo miaka ishirini na sita.

"Ottis!" nikapiga kelele. "Ottis Tharp! Amka uweke simu chini!"

"Eh? Ng'ombe?"

"Ng'ombe wewe! Weka chini ukalale kitandani!"

"Cleora? Mbona uko ndani ya simu?"

"Weka chini!"

Ka. Na waya ukawa safi. Nilisikia hata saa ya kwa Idella, na Idella akisema, "Mama, kuna mtu anagombana."

"Ni Cleora," akasema Bi Lovina. "Tangu mtoto hakuwa na sauti ya chini."

Nikamwashiria Verlin kwa kichwa aanze. Nikamwona kwa mara ya kwanza akiogopa. Verlin huyu, aliyetania kwa daktari! Akafumba macho, akaweka karatasi ya namba pembeni, akasogea mpaka saksafoni ikagusa mdomo wa simu, akapiga ule wa nyumbu.

Alipiga polepole, kama mtu anayelima shamba la mawe na hataki kuvunja jembe. Nilikuwa nimeusikia mara nyingi lakini hivyo sijapata. Sikioni mwangu nilisikia pumzi ya Bi Lovina ikisimama kila wimbo unaposhuka, na ikiendelea wimbo unapoendelea. Verlin alipomaliza akafungua macho na kunitazama. Nami nikabana mkono wa simu sikioni zaidi.

Kisha Bi Lovina akasema, kwa sauti ileile ya penseli, "Amekimbia katikati. Mwambie arudie."

"Anasema umekimbia katikati," nikamwambia. "Urudie."

Verlin akacheka, na machozi yakamtoka humo humo kwenye kicheko, hakuyafuta kwa sababu mikono yote ilikuwa na kazi. Akarudia. Safari hii hakukimbia. Nikamsikia bibi akihesabu taratibu, moja mbili tatu, moja mbili tatu, kama alivyokuwa akituhesabia sisi watoto. Halafu akasema, si kwangu wala kwa Idella, "Vimebaki vya kutosha." Idella akaja kwenye simu akasema mama amelala, mkono wa simu bado ameukumbatia.

Kila jioni baada ya hapo tulifanya hivyo: kwanza mauzauza mpaka laini itakasike, Ottis nikimpeleka kitandani kwa lazima, kisha muziki wa kweli kwa mtu mmoja. Mwishowe watu hata hawakuinua tena. Bi Lovina alimrudisha Verlin, akamkosoa, akamfundisha kwa njia ya sikio langu, na jioni moja akamwagiza Idella afungue kifuniko cha kinanda cha sebuleni kwao na ampe sauti ya kuanzia. Alifariki kabla mahindi hayajapandwa, kama daktari alivyosema.

Barabara ilikuwa imeshakauka, wote tukafika mazishini, na baadaye tukakaa kwa Idella kwenye meza ndefu, kuku na tambi, achari, pai za kila namna. Hobart alikaa mkabala na Verlin. Hana roho mbaya, Hobart, niseme ukweli huo, ila ulimi wake hauna breki. Akamshika Verlin mkono ule wenye vidole viwili na kusema, "Pole sana, ndugu yangu. Mungu alimhurumia bibi, laini ilikuwa mbovu kwake, hakulazimika kukisikia kile kibomba chako."

Meza nzima ikainamia sahani. Mimi nikaweka uma chini na kufungua kinywa, na nilikuwa na mengi. Verlin akanikanyaga mguu chini ya meza.

"Alisikia," akasema.

"Maskini! Akasemaje?"

"Alisema nirudie."

Hobart akacheka mpaka akapaliwa na tambi, na wengine nao, kwa jinsi ilivyo vigumu kujizuia siku ya msiba. Verlin akacheka pamoja nao, akamsogezea Hobart maji. Kiatu chake kilikuwa bado juu ya mguu wangu, basi nikanyamaza, na mimi si mtu wa kunyamaza.